Visoda, Uji na Mkutano wa Wazazi Ibadakuli

Leo sina siasa, sina Simba na Yanga, wala sina jipya kuhusu nani kamwacha nani. Leo nataka tuongee kuhusu chekechea. Najua nusu yenu mmeshaanza kutafuta pa kutokea. Kaeni kidogo, nitajitahidi nisiwachoshe.

Kwanza niwaambie kwa nini haya nayaandika hapa na si kwenye gazeti linalonilipa. Ukipeleka habari ya darasa la awali kwenye meza ya mhariri, anakuuliza maswali matatu: Nani kasema? Kasemea wapi? Ni shilingi ngapi? Kama Waziri kakata utepe, inapita, tena na picha juu. Mwaka 2023, fedha za mradi wa BOOST zilipokuwa zinajenga madarasa nchi nzima, yakiwemo madarasa ya mfano ya elimu ya awali, tuliandika habari za utepe mpaka tukazikariri. Lakini kinachoendelea ndani ya darasa hilo Jumatatu inayofuata, utepe ukishaliwa na mbuzi, mhariri anakiita "makala ya kujazia nafasi". Na nafasi ikipatikana, anaweka tangazo. Haya, tuendelee.

Dada yangu, ambaye mimi ndiye niliyemfuata ziwa, ameolewa Ibadakuli. Kwa wale mnaoijua Shinyanga kupitia dirisha la basi la Mwanza tu, Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, nje kidogo ya mji, na ndiko uliko uwanja wa ndege wa Shinyanga. Usikie neno manispaa ukadhani ni lami na taa za barabarani. Ukiacha hayo majengo ya serikali na nguzo kubwa za umeme, kinachofuata ni mahindi, mtama, viazi vitamu, na ng'ombe wanaovuka barabara kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa. Mimi sio Msukuma, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu na kushukuru. Mwangaluka, wabeja, basi, nimemaliza. Kumbukeni hilo maana ndiyo kiini cha habari yenyewe.

Shemeji yangu ni mchimbaji mdogo huko Geita. Wachimbaji mnawajua: leo duara linatoa, kesho halitoi, anarudi nyumbani akipata na anarudi pia akikosa, katikati hapo ni simu. Walipooana dada alimfuata hukohuko machimboni, akawa mama lishe. Mtoto alipofika miaka miwili wakaona machimbo si mahali pa kulelea mtoto, wakampeleka kwa babu na bibi yake Ibadakuli. Uamuzi mzuri kabisa, na ndivyo zinavyofanya familia nyingi za ukanda ule wote wa dhahabu, kuanzia Kahama mpaka Geita. Dada alirudi kuishi na mwanae mwaka jana tu. Kwa hiyo mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka mitano, ameongea na dunia kwa Kisukuma tangu ameanza kuongea. Kiswahili anakisikia, anakielewa kiasi, lakini kukitamka ni mpaka apende.

Januari mwaka huu akaanza darasa la awali katika shule ya serikali. Wiki ya tatu dada akanipigia simu, sauti yake si yake. Mwalimu alikuwa amemwambia, "Mama, huyu mtoto haongei." Hakuongea siku ya kwanza, hakuongea siku ya kumi na tano. Akiulizwa jina lake anaangalia chini. Dada akiwa na ile hofu ambayo kina mama tu wanaijua, akaanza kuhesabu: alizaliwa saa ngapi, alilia au hakulia, ile homa ya mwaka juzi. Jirani naye akampa ushauri wake: mtoto hana tatizo, shule ndiyo mbovu, mtoe umpeleke mjini akasome shule ya "English medium". Jirani mwingine akaenda mbali zaidi, akasema atafutiwe bweni. Hili la bweni nililizima mwenyewe kwa simu. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kusitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioiandika habari hiyo. Lakini ile ya mjini ilikuwa bado mezani. Shemeji akiwa Geita alishakubali, akasema wauzwe ng'ombe wawili. Kilichobaki kilitakiwa kitoke kwangu, kwa sababu kwenye ukoo wetu inaaminika kwamba mtu akitokea kwenye gazeti basi ana pesa, teh teh teh!

Gari la hiyo shule linapita saa 11 alfajiri. Mtoto wa miaka mitano, asiyeongea Kiswahili darasani, apandishwe Hiace saa 11 alfajiri akafundishwe Kiingereza. Nikaomba ruhusa ya siku chache kazini, nikapanda basi kutoka Mwanza.

Sasa naombeni niwape picha ya darasa lenyewe, maana wengi wetu tuliosoma vidudu mjini tuna picha tofauti kichwani. Mwalimu mkuu alinikubalia nikae nyuma, mradi nisiwapige picha watoto. Nilihesabu watoto wakawa zaidi ya 90, ingawa kuhesabu watoto wa miaka mitano ni kama kuhesabu vifaranga. Mwalimu mmoja. Mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ile hesabu ya 90 haikushuka kutoka mbinguni, ina historia yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kisha ukaja Waraka Namba 5 wa mwaka 2015 wa elimu bila malipo, ukaanza kutumika Januari 2016. Nchi nzima watoto wa awali waliruka kutoka milioni 1 na kitu mwaka 2015 mpaka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Ndani ya mwaka mmoja! Walimu hawakuruka hivyo. Vyumba havikuruka hivyo. Mimi ni muumini wa elimu bila malipo, mtoto wa mama lishe ana haki ileile ya mtoto wa mkurugenzi, ila tusijifanye kwamba hesabu ile ilijifunga yenyewe.

Mwalimu niliyemkuta ni dada wa umri wa miaka thelathini hivi, sauti imekauka lakini haijakata tamaa. Ukutani alikuwa amebandika kona za kujifunzia kama mtaala unavyotaka: kona ya hesabu, kona ya lugha, kona ya nyumbani. Kwa idadi ile kona ni ukuta tu wenye jina, maana watoto hawana pa kuzunguka. Anafundisha kwa kuimba, anainua yai, anauliza hiki ni nini, darasa zima linapasuka "yaiii!" Mpwa wangu katulia pembeni kwenye mkeka, mdomo umefungwa kama kibubu cha akiba. Na ilipofika saa 4 na nusu nikaona kitu kingine ambacho kwenye ripoti hakimo. Watoto walianza kulala. Sio kusinzia, kulala kabisa, mmoja amemwegemea mwenzake. Wengi walitoka nyumbani saa 12 bila kitu tumboni.

Mwalimu hakuwa na ubaya wowote na mpwa wangu. Ana zaidi ya watoto 90, amemwona huyu haongei, amemwita mzazi, na amesema alichokiona. Tatizo ni kwamba alichokuwa nacho yeye ni kipande kimoja tu.

Kipande cha pili nilikikuta nyumbani jioni ileile. Nyuma ya nyumba, chini ya mti, babu yake ana mashimo ya isolo yaliyochimbwa ardhini. Isolo ni bao la Kisukuma, na kama hujawahi kuona wazee wakicheza, usije ukadhani ni mchezo wa kupotezea muda, watu wanaweza kununiana wiki nzima. Babu alikuwa anacheza na mzee mwenzake. Mpwa wangu kachuchumaa kando, kazi yake kuokota kete zinazoliwa. Anahesabu kwa sauti: imo, ibili, idatu... Anapita kumi bila kugugumia. Kisha yule mzee mgeni akaweka kete mbili shimo moja, iwe kwa bahati mbaya au kwa ujanja, na huyu mtoto "asiyeongea" akamkemea. Sikuelewa alichosema ila nilielewa sauti. Babu akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Nikamuuliza dada, mwalimu analijua hili? Akaniambia, "Atalijuaje? Mimi shuleni naitwa nikiwa na kosa."

Hapo ndipo nikapata wazo, nami nikamwambia dada kama ndugu, sio kama mwandishi: kabla hamjauza ng'ombe, mwite mwalimu nyumbani. Dada aliniangalia kama nimemwambia amwite Mkuu wa Mkoa. Mwalimu aje hapa? Kwenye nyumba hii? Tutamkalisha wapi? Bibi ndiye aliyemaliza ubishi. Alipotafsiriwa alisema maneno machache, dada akaniambia maana yake ni kwamba mgeni hakalishwi kwenye kiti, anakalishwa kwenye chakula.

Niwatoe kidogo Ibadakuli, narudi sasa hivi. Wale mnaohudhuria semina za malezi kwenye hoteli za Dar na Dodoma mnajua kwamba hakuna semina inayokwisha bila mtu kutaja ule utafiti wa Perry kule Ypsilanti, Michigan, Marekani. Kati ya 1962 na 1967 walichukua watoto 123 wa familia maskini, 58 wakapelekwa shule ya awali, 65 hawakupelekwa, kisha wakawafuatilia mpaka wakawa watu wazima wa makamo. Waliosoma walikuwa na kipato kizuri zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Mchumi James Heckman, aliyepata Nobel mwaka 2000, amezipigia hesabu takwimu hizo mara nyingi, na ndiyo chanzo cha zile sentensi za "ukiwekeza shilingi kwa mtoto". Sawa. Ila kuna kipande ambacho kwenye zile slaidi hakisomwi: kila wiki, mwalimu wa Perry alikwenda nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama yake kama saa moja na nusu. Kila wiki! Nusu ya dawa ilikuwa ni kutembeleana, na sisi tumenakili darasa tukaacha kutembeleana.

Tena wala hatukuhitaji kwenda Michigan. Mombasa, katikati ya miaka ya 1980, ulianza mpango wa shule za awali za Madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, baada ya viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya kuomba. Aliyekuwa mstari wa mbele ni mwalimu mmoja aitwaye Bi Swafiya Said. Kazi ilifanywa na kina mama wa mitaani kwao waliofunzwa ualimu, na zana zilikuwa vifuu, makombe, mbegu, vitu vya hapohapo, huku jamii ikiisimamia shule yenyewe. Mpango ukavuka ukafika Zanzibar, kisha Uganda. Kwa hiyo hii ya familia na mwalimu kukaa pamoja sio mambo ya Wazungu, ni mambo ya majirani zetu.

Na Shinyanga yenyewe ina historia yake. Mwaka 2014 ulianza mpango wa EQUIP-Tanzania kwa fedha za Uingereza, na Shinyanga ilikuwa kati ya mikoa saba ya mwanzo. Ulidumu mpaka 2020. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili yanayohusu habari yetu. Moja, vituo vya utayari wa kuanza shule, ambapo kijana wa kijijini aliyefunzwa aliwakusanya watoto walio mbali na shule akawafundisha kwa hadithi, sababu mojawapo ikiwa ni hiihii ya mpwa wangu: watoto wengi wa mikoa ile hawasikii Kiswahili nyumbani. Pili, UWW, yaani Umoja wa Wazazi na Walimu. Kamati ya shule ipo siku zote, inashughulika na fedha, majengo na mihuri. UWW ulikuwa wa karibu zaidi, wazazi wa kila darasa wanachagua wenzao, wanafuatilia nani haji shule, nani hali, nani hana daftari. Mpango ulipokwisha, shule nyingine ziliendelea nao, nyingine zikabaki na majina kwenye faili. Hapo nilipokwenda mimi nilionyeshwa faili. Lilikuwa safi sana.

Basi Jumamosi mwalimu akaja. Kwa miguu, kiatu kimejaa tope, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Bibi alipika ugali wa mtama na mlenda, kuku akachinjwa, na mimi kama mjomba nikapewa kazi ya kumshika kuku miguu. Saa nzima ya kwanza hakuna aliyetaja shule. Waliongea kuhusu palizi, kuhusu pamba bei itakuwaje, kuhusu kijiji anachotoka mwalimu, ambacho kumbe bibi ana ndugu huko. Kisha babu akasogea kwenye mashimo yake, mjukuu akamfuata, na mwalimu akaona kile nilichokiona mimi. Hakusema kitu. Alichuchumaa. Akaanza kumwuliza mtoto kwa Kisukuma, maana kumbe mwalimu mwenyewe ni Msukuma wa Maswa! Darasani hakitumii kwa sababu lugha ya kufundishia awali ni Kiswahili na hataki maneno. Mtoto akamjibu. Akajibu tena. Akaanza kumfundisha mwalimu isolo.

Dada akalia kidogo. Mimi nikaenda kuangalia kama kuku bado yuko jikoni.

Msije mkaniambia kwamba namsifia mwalimu kuvunja sera. Sera ina sababu zake, taifa hili limefungwa pamoja na Kiswahili na mimi kinanipa ugali. Ila hakuna waraka unaokataza mwalimu kujua kwamba "imo" ya nyumbani ndiyo "moja" ya shuleni, na kumwonyesha mtoto daraja la kupitia. Alichofanya Jumatatu ni kidogo tu. Alileta visoda, akavimwaga kwenye mkeka, akamwambia mpwa wangu ahesabu kwa lugha ya babu, kisha darasa zima likahesabu vilevile kwa Kiswahili. Siku mbili hakusema kitu cha Kiswahili. Siku ya tatu kuna mtoto mwenzake aliruka namba nane. Mpwa wangu akamgeukia akasema, "Wewe! Nane!" Hilo ndilo neno lake la kwanza shuleni, na kwa bahati "nane" ni nane kwa lugha zote mbili, kwa hiyo hata leo hatujui aliongea lugha gani.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Lakini mwalimu yule ana watoto wengine zaidi ya 90, na hawezi kula kuku nyumba 90. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Akaomba kitu kimoja: mkutano wa wazazi wa darasa la awali peke yake, sio wa shule nzima. Na akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa ofisa yeyote: "Ni saa ngapi nyie mnaweza?"

Naomba hapa niseme la moyoni. Kwenye kila semina, kila ziara, kila ripoti niliyopewa bahasha yake, kuna sentensi moja: wazazi wa huku hawana mwamko. Hebu tuwe wakweli. Watu hawahawa wa Usukumani ndio walioanzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakajilinda wenyewe na wezi wa ng'ombe. Shinyanga hiihii ndiyo iliyokuwa ikiitwa jangwa, na kuanzia 1986 mpango wa hifadhi ya ardhi, HASHI, uliporudi kwenye utaratibu wa wenyeji wenyewe wa kutenga malisho, ngitili, miti ikarudi. Watu wa namna hiyo unawaambia hawana mwamko kwa sababu hawakuja kwenye mkutano wa saa 2 asubuhi, Jumatano, mwezi wa palizi? Nani aache shamba?

Mkutano ukapangwa Jumapili saa 9 alasiri, watu wametoka kanisani na wengine mnadani. Walikuja wazazi 38. Sio 90, 38. Wanaume walikuwa watano ukiniondoa mimi. Hata kabla ya sala ya kufungulia, baba mmoja alisimama akasema kama ni michango, yeye anaondoka, serikali ilisema bure. Makofi. Na kwa haki, ana hoja. Tangu 2016 mzazi ameambiwa hakuna michango ya lazima, halafu akifika shuleni anakuta orodha. Kisha mama mmoja akasimama akasema lililo zito zaidi, kwamba kwa miaka yote aliyosomesha watoto wanne hajawahi kuitwa aambiwe mwanae amefanya vizuri. Ukimya.

Mwalimu hakujitetea, na hiyo ndiyo kazi ya ualimu iliyonivutia kuliko zote. Alisema sijaja na orodha. Akawaambia mambo matatu anayoyaona darasani kila siku: watoto wanalala saa 4 kwa njaa, wengi hawaongei Kiswahili na anataka kujua nyumbani wanaongea nini, na hana vitu vya kuhesabia. Visoda vilipata jibu mara moja, mwenye grosari alikuwepo pale pale. Kuhusu lugha, babu wa mpwa wangu, ambaye alikuja kwa sababu bibi alimlazimisha, alijikuta anateuliwa kuja Ijumaa kusimulia hadithi za sungura na fisi kwa Kisukuma, mwalimu azirudie kwa Kiswahili. Mzee akauliza atalipwa nini. Akaambiwa uji. Akasema uji upi, na hapo ndipo vita ilipoanza.

Suala la uji lilichukua zaidi ya saa moja. Wenye mahindi walitaka kila mtu atoe debe, wasio na mahindi wakauliza na sisi je. Mwingine akataka kujua nani atapika, kuni za nani, sukari ya nani, na unga ukibaki unakwenda wapi. Hilo la mwisho lilisemwa kwa kumwangalia mjumbe mmoja wa kamati, na kama ningekuwa kazini ningepata kichwa cha habari palepale. Kuna mama alisema yeye ni mjane, ana kuni na mikono. Mwenyekiti wa mtaa akapendekeza watoto wa wasiochangia wasipewe, na nashukuru Mungu bibi mmoja akamjibu kabla yangu kwamba mtoto hawezi kunyimwa uji kwa kosa la baba yake. Mwishowe wakakubaliana siku tatu kwa wiki, zamu kwa familia, atakayekosa unga alete kuni au aje kupika, na daftari la unga litunzwe na mzazi, sio na mwalimu. Wale wazazi zaidi ya 50 ambao hawakuja watafuatwa na majirani zao. Watakubali wote? Sidhani. Baba wa michango aliondoka kabla ya mwisho, ingawa mke wake alibaki.

Kitaifa tunayo programu ya MMMAM, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, ya malezi na makuzi ya watoto kuanzia mimba mpaka miaka minane. Imeandikwa vizuri, nimeisoma, na inasema waziwazi kwamba mzazi ni mshiriki. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi lile la Ibadakuli nilijiuliza hiyo programu ikifika pale itawakuta wapi watu hawa. Itawapa daftari la kwao, au italeta lake?

Ng'ombe hawajauzwa. Shemeji hajapenda, aliniambia kwenye simu kwamba mimi nilisomeshwa mjini halafu mwanae namwambia akae na visoda. Ni neno gumu na sina jibu jepesi, kwa sababu ni kweli nilisomeshwa mjini. Nilichomwambia ni kwamba asubiri mpaka shule zifunge mwezi wa sita, aje mwenyewe akae kwenye ule mkeka siku moja, kisha aamue yeye na mkewe. Amesema atakuja duara likikubali. Dada anasubiri.

Juzi usiku nikiwa nimesharudi Mwanza, nikapata ujumbe wa dada. Zamu yetu ya uji ni Alhamisi, unga upo, sukari haipo. Nikatuma 10,000. Dakika moja baadaye simu ikalia tena: "Na ya kutolea?"